Kifaru na Boma Lisilo na Mlango

Haya, paukwa.

"Pakawa."

Pakawa na nini?

"Pakawa na boma."

Boma la nini?

"La miiba."

Ndani mna nani?

"Mna sisi."

Na maji yako wapi?

"Yako nje."

Basi sogeeni. Mwenye kiu avumilie, maana na wenyewe wa ngano hii walivumilia, tena walivumilia mpaka wengine wakafa wakivumilia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima mtama na kuzikana kama sisi, palikuwa na bonde moja lenye chemchemi katikati. Maji yake yalikuwa baridi, na mtama wake ulikuwa mrefu. Mwaka mmoja Chui akashuka kutoka mlimani, akamkuta Kulungu anakunywa, akamchukua. Wanyama wakalia. Kabla machozi hayajakauka, Kifaru akasimama akasema, "Nichagueni mimi. Nitawalinda."

Kifaru mwili anao. Pembe anayo. Sauti anayo. Macho ndiyo hana. Kitu kikiwa mbali kidogo na pua yake hakioni, na kichaka kikitikiswa na upepo, yeye hukimbia kupigana nacho. Wanyama wakamtazama, wakaona jinsi alivyo mkubwa, wakamchagua.

Kifaru akapiga mbiu. Buuu! Buuu! Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ya Kifaru ililia kila uchao, na jambo lilikuwa lile lile: miiba haitoshi. Kila mnyama akatoka kwenda msaragambo, kazi ya wote isiyo na ujira. Waliokuwa wakipalilia wakaacha kupalilia. Waliokuwa wakinyonyesha wakaacha kunyonyesha. Wakakata miiba, wakaburuta miiba, wakapanga miiba, boma likazunguka nyumba zote, likapanda juu, likanenepa.

Chemchemi ikabaki nje. "Hapo ndipo Chui anaponywea," Kifaru alisema. "Mnataka nimwingize Chui ndani?" Hakuna aliyetaka. Mashamba nayo yakabaki nje, na mtama uliovunwa ukapelekwa wote kwenye ghala moja, ghala la ulinzi. Mlinzi mwenye njaa halindi, akasema Kifaru. Akahamia mlangoni pa ghala, akalinda. Gwafu, gwafu, gwafu. Ndivyo alivyolinda.

Asubuhi lango la boma lilifunguliwa kidogo. Kifaru anatoka wa kwanza. Anakunywa, anaoga, anagaagaa. Akisharidhika, wengine wanaruhusiwa kuteka. Wanateka tope.

Sasa katika boma hilo aliishi Sange. Mnamjua Sange? Ni yule mnyama mdogo, ukimwona haraka utasema panya, ila ana pua ndefu isiyotulia. Kazi ya Sange ni kufagia. Ana vijia vyake chini ya majani, na kila siku huvifagia, fya fya fya, jani likianguka analiondoa, maana Sange akifukuzwa hakimbilii popote ila kwenye kijia kilicho safi. Alikuwa mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike aitwaye Kipua. Na huyo Kipua alikuwa mgonjwa. Tope lilikuwa limemwingia tumboni, na chakula hakikuwamo cha kupambana nalo.

Kulikuwa na desturi ambayo Kifaru aliianzisha. Mtu akifa, hazikwi mpaka mlinzi mkuu aje kuuliza. Na swali lake ni moja tu.

Siku moja akafa mzee Digidigi. Wanyama wakakusanyika penye shimo. Kifaru akaja, ti, ti, ti, nchi ikatikisika, akasimama mbele ya waliomwosha marehemu, na Sange alikuwa mmoja wao.

"Kuna alama ya ukucha?"

Bibi Digidigi, mjane, akajibu kwa upole. "Mkuu, mume wangu hajala tangu mtama ulipochukuliwa."

"Pole, bibi. Sikuuliza alikula nini. Kuna alama ya ukucha?"

"Hakuna, Mkuu."

"Basi hajauawa. Amekufa tu. Bonde liko salama, mzikeni."

Wakamzika. Kifaru akala uji wa matanga, akaumaliza, akalamba na mwiko, akarudi ghalani kulinda.

Baada ya mzee Digidigi akafa mtoto wa Swala. Kuna alama ya ukucha? Hakuna. Bonde liko salama. Baada ya mtoto wa Swala akafa mama wa Nungunungu. Kuna alama ya ukucha? Hakuna. Bonde liko salama. Yaani lilikuwa salama hilo bonde, hata wachimba makaburi walichoka.

Sange akirudi nyumbani anamkuta Kipua amelala, macho yamezama.

"Mama, maji."

Sange anachuja tope kwa majani, anampa. Kipua anakunywa, anatapika, anaomba tena. Na Sange aliogopa. Hakumwogopa Chui hata kidogo, maana Chui hawezi kupoteza wakati wake kwa Sange. Aliogopa siku atakayosimama penye shimo, na lile limwili lije, na aulizwe yeye kama kuna alama ya ukucha. Hofu hiyo ilimkaa kifuani hata akifagia.

Basi siku moja alikuwa akifagia kijia chake kandokando ya boma, fya fya fya, akasikia pumzi upande wa pili. Akatulia. Alikuwa Chui. Chui alikuwa anachungulia kati ya miiba.

Akamtazama Swala: mbavu. Akamtazama Ngiri: mbavu. Akamtazama Bibi Digidigi: hata mbavu zimechoka. Chui akaguna.

"Hawa hata mchuzi hawatoi," akasema peke yake, akageuka kwenda zake.

Kifaru alisikia majani yakichakarika, akapiga mbiu, akaita watu wote. "Mmeona? Adui amekuja, ameona boma, amekimbia. Sasa tuongeze miiba." Wakapiga makofi, kwa jinsi mikono yao ilivyoweza.

Sange hakupiga makofi. Alikuwa akifikiri. Alichukua lile neno la Chui, akalionja, akaona limepungua chumvi. Akalitia chumvi, akaenda nalo ghalani.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mama Kipua. Kama umekuja kuomba mtama, mtama ni wa ulinzi."

"Sikuja kuomba, Mkuu. Nimekuja kuagana na wewe."

Kifaru akaacha kutafuna. "Kuagana? Unakwenda wapi?"

"Mimi siendi popote. Wewe ndiye unayekwenda." Sange akashusha sauti. "Nilikuwa nafagia kule kando, nikamsikia Chui kwa masikio yangu. Alitutazama mmoja mmoja. Akasema, hawa ni mifupa, hawatoi hata mchuzi. Kisha akasema, lakini yupo mmoja, yule anayekaa ghalani. Yule ana nyama mgongoni, ana nyama shingoni, ana nyama mpaka masikioni. Huyo nitamla peke yake."

Kifaru akajipapasa mgongo, akajipapasa shingo, akagusa sikio moja, akagusa la pili. Zote zilikuwamo, nyama hizo.

"Na boma hili?" akauliza.

"Boma hili ni kubwa, Mkuu. Limezunguka watu wengi. Ukipanga miiba kuzunguka watu wengi, kila mmoja anapata kidogo. Kwako hapo unapata miiba miwili mitatu tu."

"Kweli kabisa," akasema Kifaru. Alikuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo kwa upande huo. "Basi nijengewe langu. La ndani. Linizunguke mimi na ghala."

"Na ghala, Mkuu?"

"Na ghala. Unadhani nitakaa ndani nikitazama ukuta?"

"Hapo sina neno. Ila miiba mibichi haichomi. Inayochoma ni mikavu, na mikavu yote iko kwenye boma la nje."

"Ichukueni ya nje."

"Na sisi, Mkuu?"

Kifaru akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si umesema ninyi ni mifupa? Nani ataiba mifupa?"

Sange akainamisha pua. "Umesema, Mkuu. Nikuwekee mlango upande gani?"

Hapo Kifaru akatoa maneno aliyoyaona ya hekima, na ambayo baadaye alipata nafasi nzuri ya kuyatafakari. Alisema, "Mlango ni tundu, na tundu ni njia ya adui. Nitoke niende wapi, na chakula kiko ndani? Nijazieni mitungi ya maji, mfunge, wala msilivunje boma hili mpaka adui awe amekwisha kuingia ndani."

Mbiu ikalia. Buuu! Buuu! Siku hiyo watu walikwenda msaragambo kwa miguu myepesi. Sange akawaeleza kwa kunong'ona, mmoja akamnong'oneza mwenzake, na wimbo ukaanza:

*Vuta mwiba, vuta mwiba,*
*Mkuu asije akaibwa;*
*Kaza mwiba, kaza mwiba,*
*Mkuu alale kwa shiba.*

Kifaru ndani akaupenda wimbo, akaukariri. Miiba ya nje ikapungua, ya ndani ikaongezeka. Boma la nje likabaki pengo hapa, pengo pale. Boma la ndani likawa nene, hata mjusi alilizunguka akarudi alikotoka. Ukuta wa nyuma wa ghala ukashikamana na boma hilo, na sehemu hiyo Sange aliomba aishone mwenyewe. Akaishona vizuri. Chini kabisa akaacha kijia kimoja, chembamba kama mchi, kikapita kwenye miiba, kikapita kwenye udongo wa ghala, kikafika kwenye mtama. Akakifagia. Fya fya fya.

Mwiba wa mwisho ulipowekwa, Sange hakusubiri kupongezwa. Alikimbia nyumbani, akambeba Kipua mgongoni, akapita penye pengo, akafika chemchemini. Kifaru hakuwa ameogelea humo asubuhi hiyo. Maji yalikuwa yametulia, mchanga ulionekana chini. Kipua akatia pua, akanywa, akapumzika, akanywa tena. Sange akangoja atapike. Hakutapika. Akalala pale pale ukingoni, na Sange akakaa kando yake akilia kwa furaha, na kwa hasira pia, maana maji hayo siku zote yalikuwa hapo hapo, hatua chache tu.

Tangu siku hiyo mambo yakaenda hivi. Kifaru juu anachota, Sange chini anachota. Kifaru juu, gwafu gwafu. Sange chini, fya fya fya. Mtama ukatoka kwenye kijia punje kwa punje, ukapokelewa na Nungunungu, ukapelekwa kwa Bibi Digidigi, ukasagwa, ukapikwa, ukaliwa. Wengine wakarudi mashambani kupalilia. Na kwa kuwa mbiu hailii tena, mchana ukawa mrefu wa kutosha kazi.

Mtauliza, na Chui je? Chui alikuja. Chui si wa kusingiziwa, yupo, na meno anayo. Alipoona mapengo alifurahi sana. Lakini Swala alikuwa ameshiba siku nyingi, na Swala aliyeshiba ana miguu. Tumbili alikuwa ameshiba, na Tumbili aliyeshiba hupanda juu kabisa kileleni na kuona mbali. Tumbili akapiga kelele, kwa! kwa! kwa!, Swala akaruka, Ngiri akaingia shimoni, watoto wakabebwa. Chui akakimbiza, akakimbiza, akakaa chini ulimi nje. Akarudi mlimani akisema bonde lile limeharibika, zamani walikuwa wakisimama tu.

Kifaru hakuyajua hayo. Alikuwa ndani, salama.

Siku moja akatia kichwa ghalani achote. Pu! Pembe ikagonga sakafu. Akapapasa kulia, sakafu. Akapapasa kushoto, sakafu. Akaenda kwenye mitungi. Wa kwanza mtupu. Wa pili mtupu. Wa tatu alikuwa ameuvunja mwenyewe alipogeuka kulala.

"Watu!" akaita. "Nina njaa!"

Watu wakaja, maana ni watu wema. Wakasimama nje ya miiba. Sange akatangulia mbele, na Kipua kando yake, amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

"Pole, Mkuu," akasema Sange. "Kuna alama ya ukucha?"

Kifaru akajikagua. Msimcheke, alijikagua kweli, tena kwa uangalifu, mbele na nyuma.

"Hakuna."

"Basi uko salama, Mkuu. Tulikuwa na wasiwasi." Wakaagana naye kwa adabu, wakarudi kupalilia.

Kesho yake akaita tena. "Watu! Nina kiu!"

"Pole, Mkuu. Kuna alama ya ukucha?"

"Hakuna."

"Bonde liko salama."

Siku iliyofuata hakuita. Alikuwa amelala, kidevu chini, nyama za shingo zimelegea. Sange alikuja peke yake. Alimtazama kwa muda. Alikuwa amejiandaa kufurahi, na kweli furaha kidogo ilikuja, ila haikukaa, maana macho ya Kifaru yalikuwa yamezama vilevile kama alivyoyaona kwa mwanawe. Njaa haijui mkubwa wala mdogo.

"Nifungulieni, Mama Kipua," akasema Kifaru polepole.

"Mkuu, wewe mwenyewe ulituamuru. Boma hili halivunjwi mpaka adui awe amekwisha kuingia ndani. Kuna adui humo?"

Kifaru akazungusha macho yake mabovu. Akatazama miiba, akatazama mitungi, akatazama ghala.

"Yupo," akasema.

"Ana makucha?"

"Hana."

"Ana meno?"

"Hana. Lakini ananila."

"Sasa mtaje jina, Mkuu. Taja kwa sauti, Bibi Digidigi yuko pale shambani, angependa kusikia."

Jina hilo lilikuwa zito kwa Kifaru kuliko pembe. Tumbo lake likanguruma, ngurrr, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka. Mwishowe akainua kichwa, akasema kwa sauti yote iliyombakia, "Njaa. Ni njaa, na kiu, na tope lile. Ndivyo vilivyomuua mzee Digidigi. Aliuawa yule. Hakufa tu."

Bibi Digidigi akasimamisha jembe. Akaliegemeza, akaja, akashika mwiba wa kwanza, akauvuta. Wengine wakamfuata, wakavuta miiba mpaka ikawa njia. Kifaru akatoka akipepesuka, akaenda chemchemini, na alipofika akakuta foleni. Sange akamwonyesha mwisho wake. Kifaru akasimama mwisho, nyuma ya mama wa Ngiri mwenye watoto wengi, akangoja zamu yake, akanywa maji masafi.

Mngependa niwaambie kwamba alibadilika moyo. Mimi nilimwona baada ya siku chache, amepata nguvu kidogo, anapiga mbiu. Buuu! Buuu! Watu wakaja kusikiliza. Akasema, "Ndugu zangu, nimegundua adui mpya. Nimemgundua mimi mwenyewe, kwa uchunguzi wangu. Anaitwa Njaa. Nichagueni mimi niwalinde naye, na kwa kuanzia, tumjengee boma."

Watu wakamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha Bibi Digidigi akamkabidhi jembe, akamwonyesha tuta ambalo halijapaliliwa. Kifaru akalitazama jembe, akaligeuza, akauliza upande upi ndio wa kushika.

Ngano yangu imechoka, na mimi nimechoka, tulaleni sote. Ikiwa tamu, ilambeni; ikiwa chungu, mchuzi ni wenu, tieni ndimu.

Mnangoja funzo? Funzo lipo. Enyi mliosikia, mpendeni mlinzi wenu, mpeni ghala, wala msimhesabie anavyotafuna. Mtoto akilia kwa kiu, mwambieni anyamaze, kwani Chui hajaonekana. Mtu akifa kwa njaa, tafuteni ukucha, na msipouona mrudi nyumbani mkalale kwa amani. Na mkimwona mnyama mdogo mwenye pua ndefu anafagia nyuma ya ghala, mkamateni mara moja, mmpeleke kwa wakubwa. Mimi mwenyewe ningemkamata siku ile. Ila mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa mtama.